Barabara ya moto hulimwa Juni, si Oktoba

Mvua zimekata, na Makete sakitu imeshaanza kuunguza nyasi za mabondeni. Barua na ujumbe mlionitumia wakulima wa miti wa Njombe, Mufindi na Kilolo zinarudia swali moja: nifanye nini moto ukizuka karibu na shamba langu la paini? Jibu langu halitawafurahisha wengi. Moto ukishazuka Oktoba, jua kali na upepo unavuma, kazi inayobaki ni kuokoa watu. Mnakumbuka Mlima Kilimanjaro, Oktoba 2020: mamia ya watu walipanda kuukabili moto ule na bado uliwasumbua kwa siku nyingi. Shamba la miti huokolewa sasa, nyasi zikiwa bado na ubichi kidogo na ardhi haijawa ngumu kwa jembe.

Kosa ninaloliona kila mwaka ni la vinyungu, yaani bustani za bondeni. Mtu anafyeka magugu ya bondeni, anayaacha yakauke wiki mbili, kisha saa nane mchana anawasha kiberiti akiwa peke yake. Hana maji, hajamwambia jirani. Anakaa kivulini mpaka ndimi za moto zipungue, anabeba jembe lake anakwenda nyumbani. Ukimuuliza atakwambia, "Nimeuacha umezima."

Ardhi yetu ya milimani haisamehe uzembe huo. Vinyungu viko chini, kwenye maji, na miti yetu tumeipanda juu, mteremkoni. Moto unaopanda mlima hukausha nyasi zilizo mbele yake kabla haujazifikia, na mchana upepo wa bondeni nao hupanda kuelekea huko huko. Kwa makadirio ya wataalamu, mteremko ukizidi kwa nyuzi 10 hivi, kasi ya moto hukaribia kuwa mara mbili. Anayewasha bondeni saa nane mchana ameuelekeza moto kwenye miti ya watu.

Na huo "umezima" nao hauaminiki. Nenda kwenye kinyungu kilichochomwa jana, utaona majivu meupe yaliyopoa. Sasa sogeza mgongo wa mkono karibu na kisiki cha mwati, bila kugusa. Utasikia joto. Kaa limeingia ndani ya mzizi, linatembea polepole chini ya udongo, na linaweza kukaa humo siku mbili tatu. Alasiri ya kesho upepo unapovuma, cheche moja inaruka hadi kwenye majani ya paini yaliyodondoka, ambayo shamba likiwa halijasafishwa huwa yametanda unene wa kiganja. Paini tunayoipanda sana huku, ile aina ya patula, ina gome jembamba na matawi yake makavu hushuka karibu na ardhi, kwa hiyo moto wa chini huyapanda kama ngazi mpaka kileleni. Ukifika huko hauzimwi kwa matawi mabichi.

Kwanza, acheni kuchoma. Magugu ya kinyungu yafukieni kwenye matuta au yatandazeni juu. Kiangazi mnahangaika na unyevu, na hayo mnayoyachoma ndiyo yangeutunza. Anayeona hana njia nyingine, achukue kibali. Sheria ya Misitu ya 2002 inakitaka, na vijiji vingi vina sheria ndogo zake juu ya hilo. Achome alfajiri umande ukiwapo, pamoja na majirani, aanzie ukingo wa juu ili moto ushuke ukipambana na mteremko. Ukiisha, avunje kila kisiki, amwage maji, ageuze udongo kwa jembe, amwage tena. Kesho yake arudi na mgongo wa mkono.

Nije kwenye barabara ya moto. Wengi mnafyeka nyasi na kuziacha pale pale zikauke, kisha mnasema mmeshakata barabara. Hicho mlichokata ni kuni. Barabara ya moto hulimwa mpaka udongo mtupu uonekane, upana wa mita 10 hivi, na upande wa bondeni au wa njia ya wapita njia iongezwe ifike 15. Inalimwa Juni na inarudiwa Agosti, maana majani hudondoka na nyasi huota.

Hapa ndipo mnaponiandikia kwamba ekari moja haitoshi. Mna haki. Ekari ni kama hatua 70 kwa 70, na ukiacha mita 10 kila upande, zaidi ya nusu ya shamba imekwenda. Hakuna mkulima atakayekubali. Ndiyo maana kazi hii haifanywi na mtu mmoja mmoja. Majirani 20 wenye ekari moja moja zinazopakana wakizungushia barabara moja nje ya mashamba yote, inakula kama ekari tatu kwa jumla, na gharama ya vibarua inagawanywa. Katikati waache njia nyembamba za kupitisha watu na mabomba ya maji ya mgongoni.

Kinachoharibu mpango huu ni madalali wa ardhi. Wanawauzia watu wa mjini "shamba la miti" lililopandwa mpaka kwenye jiwe la mpaka, kwa sababu kila mche unahesabiwa kwenye bei. Mnunuzi haji tena mpaka mwaka wa kuvuna. Shamba lake halipogolewi wala kupaliliwa, na linakuwa kichaka katikati ya mashamba ya waliojituma. Serikali ya kijiji inamjua, au inamjua dalali wake. Imwandikie, imtoze gharama ya palizi kwa mujibu wa sheria ndogo. Nawe unayesoma haya ukiwa Dar es Salaam na una ekari zako Mufindi, tuma fedha za barabara ya moto mwezi huu.

Nyumba zisisahauliwe. Mipaini iliyopandwa mpaka ukutani kwa nyumba au kwa darasa ikatwe, ibaki nafasi wazi ya hatua 30 angalau. Bomba la mgongoni mnalopulizia viazi lisafishwe vizuri, lijazwe maji, liwekwe mahali kila mtu wa nyumbani anapajua. Kitongoji kikubaliane ishara moja ya hatari, na nani atawachukua wazee na wagonjwa. Mahali pa kukimbilia ni uwanja wa mpira au shamba lililolimwa, kamwe si juu ya mlima.

Na kwa mliounguliwa miti mwaka jana, maana barua zenu zinauma kuzisoma. Moto ukipita, asubuhi yake mnunuzi wa mbao huwa ameshafika, anatangaza kwamba mti ulioungua hauna kitu. Si kweli. Paini iliyoungua gome bado ina mbao nzuri ndani, ila haingoji. Ikikaa miezi fangasi wa rangi ya bluu na dumuzi wa miti huishusha thamani. Usiuze siku ile ukiwa na machozi. Kaeni kama kikundi, mwiteni afisa misitu awapimie, tafuteni mwenye mashine ya kupasulia, muuze ndani ya wiki chache.

Mkutano wa kijiji unaofuata, kabla ya ajenda nyingine yoyote, ulizeni barabara ya moto italimwa tarehe gani na nani ataisimamia. Jibu liandikwe kwenye muhtasari, na jina la msimamizi liwepo.