Majivuno na Unyonge Darasani: Funzo Kutoka Njia ya Misafara ya Tabora

Mwalimu mwanafunzi anayekwenda shuleni kwa mazoezi ya kufundisha hukutana mapema na watoto wa namna mbili. Wa kwanza ni yule anayejigamba. Hunyosha mkono kabla swali halijakwisha, huwacheka wenzake wanapokosea, na yeye mwenyewe akikosolewa hununa au hutafuta ugomvi. Wa pili ni yule anayejikunyata nyuma ya darasa. Hajibu neno, na akiitwa ubaoni hutazama chini. Kwa kawaida watoto hawa hupewa dawa mbili tofauti: wa kwanza huaibishwa ili maringo yamtoke, na wa pili husifiwa hata pasipo sababu ili apate moyo. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba aghalabu ugonjwa wao ni mmoja, na kwamba dawa zote mbili huuzidisha.

Maana ya Maneno

Yatupasa kwanza kutenganisha kujistahi na majivuno. Kujistahi ni thamani ambayo mtu hujipa nafsini mwake. Thamani hiyo ikiwa imara, haihitaji shahidi. Majivuno, kwa upande mwingine, hayawezi kuishi bila mtazamaji, na mara nyingi hayawezi kuishi bila mtu wa kudharauliwa. Ondoa mtazamaji, au mwinue yule anayedharauliwa, na mwenye majivuno hutaabika.

Alfred Adler (1870–1937), tabibu wa Austria aliyewashauri sana walimu na wazazi wa mji wa Vienna, alifundisha kwamba kila mtoto huonja hisia ya unyonge, kwa kuwa amezaliwa mdogo kati ya wakubwa. Hisia hiyo yaweza kumsukuma ajifunze na akue. Lakini ikimlemea, mtoto huifunika kwa kujifanya bora kuliko wenziwe. Kwa maoni ya Adler, basi, kujikweza ni vazi linalofunika unyonge.

Wataalamu waliofuata wameongeza jambo moja kubwa. Zamani watu waliuliza tu: je, huyu anajithamini sana au kidogo? Mnamo mwaka 1989 Michael Kernis na wenzake, huko Marekani, walionyesha kwamba yafaa kuuliza pia: je, thamani hiyo imetulia, au hupanda na kushuka kila siku? Walikuta kwamba watu waliojithamini sana lakini kwa namna isiyotulia ndio waliokuwa wepesi kuliko wote kughadhibika. Waliojithamini sana kwa utulivu ndio waliokuwa wazito kuliko wote kukasirika. Kwa hiyo mtoto anayewaka kwa neno dogo hajashiba heshima, bali heshima yake haina mguu wa kusimamia.

Heshima Mbili Katika Njia Moja

Ili jambo hili lieleweke, tusiende mbali; tutazame njia ya misafara iliyopita hapa Tabora katika karne ya 19. Njia hiyo ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo hadi Unyanyembe, na kutoka hapo ikaendelea hadi Ujiji. Wasafiri Burton na Speke waliondoka pwani mwezi wa Juni mwaka 1857, wakafika Kaze, yaani Tabora, tarehe 7 Novemba. Katika njia hii twaona heshima za namna mbili.

Ya kwanza ni heshima ya mpagazi. Wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira. Mzigo wa mtu mmoja ulikaribia kilo 30, na wenye nguvu walibeba pembe za ndovu zilizozidi hapo. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1860, Burton alieleza kwamba kazi hii ilihesabiwa kuwa kipimo cha uanaume, na kwamba watoto walizoezwa tangu wadogo kwa kubeba vipande vidogo vya pembe. Mpagazi aliijua kazi yake: namna ya kufunga mzigo, kupanga mwendo, kuvuka nyika isiyo na maji. Alipoutua mzigo pwani, kazi yake ilionekana. Heshima yake ilisimama juu ya jambo alilolitenda.

Ya pili ni heshima ya jina. Huko pwani neno “mwungwana” lilimaanisha mtu huru, mwenye ukoo na adabu za mji. Kinyume chake aliitwa “mshenzi”. Misafara ilipoingia bara, wafuasi wengi wa wafanyabiashara wa pwani, ambao baadhi yao walikuwa watumwa au waliwahi kuwa watumwa, walijiita waungwana na kuwaita wenyeji wa bara washenzi. Lakini mtu huyo huyo aliporudi pwani, wenye nyumba za mawe na nasaba ndefu hawakumkubali kuwa mwungwana mwenzao. Kanzu ilikuwa ile ile na mtu alikuwa yule yule, ila Tabora alipanda na Bagamoyo alishuka. Alipata thamani yake kwa kusimama juu ya mwingine, na kila palipotokea aliyesimama juu yake, thamani hiyo ilianguka.

Tusiwacheke watu hao. Utumwa ulikuwa umewapokonya wengi wao jina, ukoo na nyumbani, na mtu aliyepokonywa hushika lolote linaloweza kumwinua. Wala tusigeuze habari hii kuwa sifa ya kabila moja dhidi ya watu wengine. Wapagazi nao walidharauliwa walipofika pwani, na wapo walioiga mavazi na desturi za huko ili wasiitwe washenzi. Kila binadamu aweza kuwa na heshima zote mbili moyoni mwake. Swali ni hili: shule inailea ipi?

Shule na Ngazi Yake

Mwalimu Julius Nyerere, aliyejiunga na shule ya serikali ya Tabora mwaka 1937 na baadaye akafundisha St. Mary's papa hapa Tabora, aliligusa jambo hili katika Elimu ya Kujitegemea ya mwezi wa Machi 1967. Alieleza kwamba mfumo wa elimu uliorithiwa kutoka kwa wakoloni uliwafanya wachache waliochaguliwa wajione bora, na wengi waliobaki wajione duni. Yafaa tuzingatie kwamba aliyataja mawili hayo pamoja, kwa kuwa ngazi ni moja. Mtoto aliyefundishwa kwamba thamani yake ni kuwa wa kwanza, amefundishwa pia kwamba asipokuwa wa kwanza si kitu. Ndiyo maana yule mjigambaji wa darasa la tano huweza kuwa mnyonge anapoingia shule kubwa na kukutana na wajigambaji wenzake kutoka shule nyingine.

Sifa zisizo na kipimo hazimsaidii. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha majaribio waliyowafanyia watoto wa shule za msingi Marekani. Baada ya kazi rahisi, baadhi yao waliambiwa kwamba wana akili, na wengine kwamba wamejitahidi. Kisha wote walipewa kazi ngumu, wakashindwa. Waliosifiwa akili walikata tamaa upesi zaidi, na wengi zaidi kati yao walidanganya kuhusu alama zao. Sifa ya akili iliwapa cheo cha kulinda, nao wakakilinda hata kwa uongo.

Mambo ya Kufanya

1. Kosoa kazi, usimkosoe mtoto. “Hapa umesahau kubeba moja” ni sahihisho. “Wewe mjinga” ni jeraha. Walimu wengi hupenda kumwambia mjigambaji kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Methali hiyo ni ya kweli, lakini debe tupu halinyamazi kwa kupigwa. Hunyamaza likijazwa.

2. Sifu jambo lililotendeka. Mwambie mtoto, “Umeirudia hesabu hii mara tatu mpaka umeipata.” Yule mnyonge naye asisifiwe kwa kuhurumiwa, maana hutambua upesi.

3. Mpime mtoto kwa jana yake. Tunza karatasi ya zoezi la wiki ya kwanza, umwonyeshe pamoja na ya wiki ya sita. Hapo hatahitaji mwenzake ashindwe ndipo yeye aonekane.

4. Gawa mizigo ya darasa kwa zamu. Kufuta ubao, kugawa madaftari na kumsaidia mwenzi kusoma ni kazi zenye matokeo. Mjigambaji akipewa kazi ya kumfundisha mwenzake kwa upole, na mnyonge akikabidhiwa funguo za kabati, wote wawili huonja ile heshima ya mpagazi.

5. Mwalimu ajichunguze. Mwalimu mgeni darasani ana hofu yake. Akiulizwa swali asilolijua, aweza kumkaripia mtoto ili cheo kisianguke. Huo nao ni uungwana wa safarini. Ni bora aseme, “Swali zuri, nitalitafuta jibu na kesho nitawaletea,” kisha kesho alilete kweli.

Mfano wa Somo

Kwa kipindi kimoja cha dakika 40, darasa la tano, shabaha iwe mwanafunzi aweze kutofautisha heshima itokanayo na kazi na majivuno yatokanayo na kudharau wengine. Mwalimu achore ubaoni njia kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, na aeleze kwa ufupi habari za mpagazi na za aliyejiita mwungwana (dakika 15). Kisha wanafunzi katika vikundi wajadili: nani kati ya hawa wawili angebaki na heshima yake kama asingekuwapo mtu wa kumtazama? (dakika 15). Mwishoni kila mmoja aandike sentensi tatu juu ya jambo ambalo amejifunza kulifanya mwaka huu na ambalo mwaka jana hakuliweza (dakika 10). Sentensi hizo zisisomwe kwa sauti ila kwa hiari ya mwandishi, wala zisipewe alama.

Maswali ya Mjadala kwa Wanachuo

1. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Tabora mwaka 1912, na kazi ya upagazi ikafifia. Ni heshima gani iwezayo kudumu hata kazi yenyewe inapokwisha? Jibu lako linatufundisha nini juu ya kuwafundisha watoto namna ya kujifunza?

2. Toa mifano miwili ya desturi za shule uliyofanyia mazoezi, ambazo humfanya mtoto apate thamani kwa mwenzake kushindwa. Eleza utakavyozibadili bila kuvunja nidhamu.

3. Chagua mtoto mmoja anayejigamba, umwangalie kwa wiki mbili bila kutaja jina lake kwa yeyote. Andika ni wakati gani hujigamba zaidi, na ni jambo gani lililotangulia.

Swali la tatu ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu lamtaka mwalimu avumilie kelele za mtoto muda wa kutosha ili asikie kinacholia ndani yake. Mwalimu asiyeweza uvumilivu huo atawanyamazisha wengi, na wachache tu ndio watakaojifunza kwake kujistahi.