Kuezeka Nyumba ya Jirani

Tangu siku za katekisimu twajua ya kuwa kumpa makao asiye na makao ni tendo la huruma. Lakini jirani ambaye nyumba yamwangukia naye angali analala ndani yake, je, ana makao au hana? Swali hili lawahusu hasa wana jumuiya ndogo ndogo, ambazo Maaskofu wa Afrika Mashariki walizitilia mkazo mwaka 1973 na 1976, kwa kuwa jumuiya ya nyumba kumi na tano haiwezi kusema haikuona.

Tuchukue mfano wa Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, wilaya ya Muheza. Wengi hulijua jina hilo kwa sababu ya kituo cha utafiti wa kilimo ambacho Wajerumani walikianzisha huko mwaka 1902. Mwenye kukaa huko hulijua kwa mvua. Ni mita 900 hivi juu ya bahari, na mvua yake hukaribia milimita 1,900 kwa mwaka, zaidi ya mara tatu ya ile ya Dodoma. Kibanda cha fito na udongo, kilichofunikwa kwa majani ya migomba, madebe yaliyobamizwa na kipande cha turubai, hakina nguvu mbele ya masika ya namna hiyo.

Basi tuseme yupo bibi mmoja mjane katika kibanda kama hicho, na wana jumuiya wamekusudia kukitengeneza. Mara nyingi watu wema hukimbilia ukuta, maana ukuta ndio uonekanao na wapita njia. Wanaukandika vizuri, wanapiga picha, wanakwenda zao. Baada ya majuma machache udongo wote umeshuka chini. Adui wa nyumba ya udongo ni maji, nayo yana njia tatu: hutoka juu paani, huteremka mlimani nyuma ya nyumba, na huruka kutoka ardhini matone yapigapo chini. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni jembe, kuchimba mfereji upande wa juu wa mteremko. Ya pili ni paa, lenye upenu mpana unaoyatupa maji mbali na ukuta. Udongo ni wa mwisho.

Nguzo huoza pale zinapokutana na ardhi, tena mchwa huanzia hapo. Zibadilishwe mojamoja, na mtambaapanya uwe umeegemezwa kwa miti imara, wala zising'olewe mbili kwa pamoja. Miti nayo isitoke msituni. Msitu wa Amani ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997, na sadaka iliyokatwa gizani yaweza kumletea bibi askari wa misitu mlangoni. Kila nyumba na itoe mti mmoja wa shambani mwake, mkaratusi au mwingine. Zikipatikana bati zilizokwisha kutumika, matundu ya zamani yazibwe kwa lami, na misumari ipigwe kwenye mgongo wa bati, si bondeni ambako maji hupita. Wale wapendao kupiga lipu ya saruji juu ya udongo wajue ya kuwa udongo hutanuka na kunywea, saruji haimfuati. Hupasuka, maji huingia nyuma yake, na ukuta huoza kwa ndani huku nje ukionekana wa kitajiri.

Hayo ni ya mikono. Liko jambo gumu zaidi. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, Musa alimwamuru mtu aliyemkopesha jirani yake asiingie nyumbani mwake kuchukua rehani, bali asimame nje mpaka mwenye nyumba amletee mwenyewe. Ikiwa mdai mwenye haki yake alizuiwa kizingitini, sembuse sisi tusiodai kitu? Yatupasa kupiga hodi, kuamkia, na kuuliza: Bibi, mlango uelekee wapi? Jiko libaki hapa? Chungu kipi kisiguswe? Wala tusiulize dini yake. Muheza Waislamu, Waanglikana na Wakatoliki huishi ua kwa ua, nayo mvua haichagui.

Yafaa pia kuuliza kiwanja ni cha nani, hata kama swali hilo laonekana la ukali. Kibanda kibovu hakina mwenye kukigombea. Chenye bati mpya huota ndugu. Tangazo la sheria za mila la mwaka 1963 lilimwacha mjane bila sehemu ya urithi pale mume alipoacha jamaa wa ukoo wake, na desturi hiyo imewatoa wengi nyumbani. Kabla ya msumari wa kwanza, mashemeji waitwe pamoja na mwenyekiti wa kitongoji, na makubaliano yaandikwe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 yaruhusu Halmashauri ya Kijiji kutoa hati ya hakimiliki ya kimila, na mwanamke aweza kuiomba kwa jina lake. Kumsindikiza bibi kwenye ofisi ya kijiji ni sehemu ya kuezeka, pengine ndiyo iliyo kubwa. Tena mashemeji hao wapewe mzigo wa kubeba: aliyechukua nguzo begani mbele ya watu wote huona haya kuja kuing'oa.

Upareni na sehemu za Usambara kazi ya namna hii huitwa msaragambo, nayo ni ya zamani kuliko parokia zetu. Katika msaragambo hakuna mtazamaji. Kwa hiyo bibi naye apewe kazi aiwezayo, kuchagua fito au kuonja uji wa wafanyakazi, kwa kuwa nyumba ni yake.

Misumari na vipande vya bati vilivyobaki vikae kwake, visirudi kwa mweka hazina. Na kabla watu hawajatawanyika, wachaguliwe wawili wa kurudi na nyundo baada ya mvua kubwa ya kwanza, wakae ndani mlango ukiwa umefungwa, watazame juu ni wapi mwanga unapenya.