KUHESABU AKIBA YA GHALANI



Wazee walisema, Mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hili ni kweli, lakini daftari peke yake halitoshi. Daftari huonyesha vitu vinavyopasa kuwamo ghalani. Vilivyomo hasa hujulikana kwa kupima kwa mkono. Panya haandiki alichokula.

Siku ya kuhesabu. Wewe ukaaye kando ya ziwa, Kigoma, Ujiji au kwingineko, hesabu kila mwezi wakati wa mbalamwezi. Siku hizo wavuvi wa dagaa hupumzika, na watu wa nyumbani huwapo kukusaidia.

Namna ya kuhesabu.

1. Siku hiyo kitu chochote kisiingie wala kutoka ghalani mpaka kazi iishe.

2. Wawe watu wawili: mmoja apime, wa pili aandike. Mwenye ufunguo asihesabu peke yake.

3. Tenga kwanza mali ya jirani uliyowekewa. Hiyo si akiba yako.

4. Usihesabu magunia kwa macho. Dumuzi, mdudu aliyetoka Marekani ya Kati na kuonekana Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, hula mahindi ndani na kuyaacha unga, na gunia bado limesimama. Fungua, pepeta, kisha pima kwa debe. Debe moja la mahindi mazuri lina uzito wa kilo 18 hivi. Likipungua sana, punje zimeliwa.

5. Mawese yaliyoganda yapashe moto kidogo, kisha yamimine polepole katika chombo kingine. Maji na takataka hukaa chini. Pima mafuta tu.

6. Kila gunia lililokwisha kupimwa litie alama ya mkaa, lisihesabiwe mara mbili.

7. Andika ulichokiona. Usibadili hesabu ili ipatane na daftari.

Mfano. Nyumba ya watu sita hula debe moja la mahindi kwa juma. Mwisho wa Mei waliweka magunia 10, yaani madebe 60. Kufika mwisho wa Septemba wamekula 17, wameuza 8. Daftari lasema yamebaki 35, na kutoka hapo hadi mwisho wa Mei ni majuma 35. Mwenye nyumba atafurahi, hata pengine atauza gunia moja zaidi. Lakini akipima aona madebe 27. Manane hayapo, na chakula kitakwisha mapema Aprili, majuma manane kabla ya mavuno.

Upungufu ukionekana. Usianze kwa kugombana na mkeo wala watoto. Tazama kwanza matundu ya panya, vumbi la wadudu, na unyevu sakafuni. Kisha uliza kwa upole kama kuna aliyekopeshwa au aliyepewa bila kuandikwa. Acha kuuza. Anika mahindi juani, pepeta, na utie dawa ya ghala kama ilivyoandikwa kwenye pakiti. Mvua zikianza, ongeza tuta la viazi vitamu na maharage, yapate kukufikisha hadi mavuno.

Mimi mwenyewe nilipata kutegemea daftari mwaka mzima, nikauza, kisha nikanunua mahindi mwezi wa Machi kwa bei iliyoniumiza. Tangu hapo napima kila mwezi. Kazi hii ni ya asubuhi moja tu. Ajuaye Oktoba ana nafasi ya kulima; ajuaye Aprili amekwisha chelewa.