Istilahi na Uundaji wa Ubao wa Takwimu: Mfano wa Minada ya Korosho Tandahimba

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ubao wa takwimu, yaani ukurasa wa kompyuta ambao msomaji huchagua anachotaka kuona na michoro ikabadilika papo hapo, unaweza kuundwa na mtu asiyejua kuandika programu za tovuti. Aidha, tunadai kwamba ugumu wa kazi hiyo ni wa kiistilahi zaidi kuliko wa kiufundi. Mfano wetu ni Tandahimba, mkoani Mtwara, ambako vyama vya msingi hukusanya korosho ghafi za wakulima na kuziuza mnadani kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika mkoani humo katika msimu wa 2007/2008.

2.0 Uundaji

Zana ya msingi ni lahajedwali. Tangu mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice, zana hiyo imepatikana hata kwa Kiswahili. Kila mstari ubebe tukio moja tu: korosho za chama kimoja, za daraja moja, katika mnada mmoja. Safu ziwe msimu, tarehe, chama, daraja, kilo, bei na makato. Kutokana na orodha hiyo, programu huunda jedwali la muhtasari, na jedwali huzaa mchoro. Hatimaye huongezwa vichujio vya kubofya, ambavyo Excel imekuwa navyo tangu toleo la 2010. Anayetaka kuusambaza ubao kwa intaneti anaweza kutumia programu ya Google iliyotolewa mwaka 2016 kwa jina la Data Studio na kuitwa Looker Studio mwaka 2022.

Hata hivyo, wastani wa bei unahitaji uangalifu. Tuchukue mfano wa kubuni: kilo 1,000 zimeuzwa kwa shilingi 3,000 kila moja, na kilo 3,000 kwa shilingi 2,600. Wastani wa bei hizo mbili ni shilingi 2,800. Lakini jumla ya thamani ikigawanywa kwa jumla ya kilo, jibu ni shilingi 2,700. Jibu la pili ndilo sahihi.

3.0 Suala la Istilahi

Neno "bei" likiandikwa peke yake juu ya mchoro lina utata. Mnunuzi huelewa bei ya mnada. Mkulima huelewa fedha atakazopokea baada ya ushuru, usafirishaji, ghala na makato mengineyo kuondolewa. Akiona 2,700 ubaoni na kupokea pungufu, atamshuku karani, ingawa hesabu haina kasoro. Kwa hiyo tunapendekeza istilahi mbili, "bei ya mnada" na "malipo ya mkulima", zionekane pamoja, na makato yaonyeshwe kati yake. Vivyo hivyo, "mwaka" usitumike mahali pa "msimu", kwa kuwa msimu wa korosho huvuka miaka miwili ya kalenda.

4.0 Hitimisho

Tumeona kwamba mbinu za kuunda ubao wa takwimu zimo ndani ya lahajedwali. Kinachobaki ni kuvipa vichwa vya safu majina yasiyompotosha mkulima. Kazi hiyo haiwezi kuachiwa mafundi wa kompyuta pekee. Wanaisimu nao wanapaswa kuishiriki, tena kabla ya mchoro wa kwanza kuchorwa.