Somo la Vikundi: Mtu Akitapika Damu



Mmechinja mbuzi, mnaujua ule mshipa mnene unaotoka matumboni kuingia kwenye ini. Sisi pia tunao. Ukiziba, damu hufanya kama maji ya mfereji uliojaa matope: inarudi nyuma, bandama inavimba, na vijishipa vya njia ya chakula vinajaa mpaka vinapasuka. Hapo mtu anatapika damu, au choo kinakuwa cheusi kama lami. Wengine husema amerogwa, wengine vidonda vya tumbo.

Kwa watoto, chanzo kimoja ni kitovu kilichoingia usaha siku za kwanza. Ugonjwa unapanda na mshipa wa kitovu hadi kwenye ini. Kwa hivyo kinamama, samadi na majivu tuache jamani! Ulizeni zahanati dawa ya kitovu, klorheksidini.

Tiba ipo. Daktari hupitisha kamera mdomoni, akavifunga vijishipa kwa vipira vidogo. Hospitali kubwa za Nairobi, kama kilomita 280 kutoka Isiolo, hufanya hivyo. Wako pia wataalamu, wachache, wanaopitisha mpira mwembamba ndani ya mshipa hadi kwenye ini wakitazama eksirei, wakazibua na kuacha kibomba cha waya. Si kila mshipa unazibuka.

Lakini kwanza mgonjwa afike hospitali ya karibu aongezwe damu. Asipewe aspirini.

Mjadiliane: ikitokea usiku, gari ni la nani, pesa zitatoka wapi, na nani atatoa damu?