Kurithi au Kuunganisha? Somo Kutoka Programu ya Mirathi

Ndugu zangu, mimi nasoma masomo ya Kiislamu, si kompyuta. Ila mwenzangu ninayekaa naye hapa Nyakabiga anaandika programu ya kugawa mirathi, akaniomba nimkagulie mafungu.

Alianza na klasi moja, yaani kiolezo, aliyoiita Mrithi. Mume, Mke, Mama na Dada zikarithi kutoka kwake, kila moja na fungu lake ndani. Msimbo mfupi, hata mimi niliusoma. Nikamwambia: mke hupata 1/4, lakini marehemu akiacha mtoto, ni 1/8. Utaunda klasi mbili za mke?

Tukalitoa fungu nje: mrithi anabaki mtu, kanuni inakuwa kitu kingine anachokabidhiwa. Kitabu Design Patterns cha 1994 kinanasihi hivyo, kuunganisha vitu kuliko kurithisha klasi. Gharama ipo. Sasa kufuata hesabu moja nafungua faili tano, na napotea.

Kilichonishawishi ni awli. Mwanamke amefariki, ameacha mume na dada wawili wa baba na mama: 1/2 na 2/3, jumla 7/6. Hakuna mrithi anayeweza kujua peke yake kwamba mali haitoshi. Panatakiwa kitu kinachowaona wote, kigeuze 6 kuwa 7, kama ilivyoamuliwa zama za Umar (r.a.). Zikibaki faranga 4,200,000 baada ya madeni na wasia, mume ana 1,800,000, dada 2,400,000. Toleo la kwanza lilimpa mume 2,100,000; akitangulia kuchukua, dada wanapunjwa 300,000.

Jina na jinsia tumeviacha kwenye Mrithi. Hivyo havibadiliki.