Karibu na Kikapu: Nafasi, Wakati na Upepo katika Uwanja wa Wazi

Viwanja vingi vya mpira wa kikapu katika shule za Tabora havina paa wala kuta. Kuanzia Juni hadi Oktoba upepo wa kiangazi huvuma juu ya uwanda wa Unyamwezi kutoka upande wa mashariki, na mchezaji arushaye mpira kutoka mbali huonekana hana shabaha, ilhali kosa pengine si la mkono wake. Jambo hili lafaa lichunguzwe kwa hesabu, kwani ndilo linaloamua timu ya shule ipange mashambulizi yake kwa namna gani.

Mpira wa wavulana una uzito wa gramu 600 hivi na kipenyo cha sentimeta 24 hivi. Kipenyo cha ringi ni sentimeta 45. Mpira ukipita katikati kabisa, kila upande hubaki nafasi ya sentimeta 10 na nusu tu. Kutoka mstari wa pointi tatu, ambao tangu mwaka 2010 uko mita 6.75 kutoka kikapuni, nafasi hiyo ni sawa na kosa la pembe lisilofika nyuzi 1. Kutoka umbali wa mita 1, mrushaji aweza kukosea kwa nyuzi 6 na mpira bado ukaingia bila kugusa chuma.

Sasa na uongezwe upepo. Mtupo wa mbali hukaa hewani kwa muda wa sekunde 1 na zaidi kidogo. Upepo wa ubavuni wenye mwendo wa mita 3 kwa sekunde, ambao hutikisa majani ya miembe tu, waweza kuusukuma mpira huo karibu sentimeta 30 kutoka njia yake. Mtupo wa karibu hukaa hewani chini ya nusu sekunde, na upepo ule ule huusogeza sentimeta 2 au 3. Ni kweli kwamba mtupo wa mbali huleta pointi 3 badala ya 2, na timu inayoingiza mitupo 4 ya mbali katika 10 hupata pointi 12, sawa na inayoingiza 6 ya karibu. Lakini katika uwanja wa wazi, nne katika kumi ni tarajio la ukarimu mno.

Hapo huzuka pingamizi la kawaida: karibu na kikapu ni mahali pa majitu. Ringi iko juu mita 3.05, na tangu James Naismith alipoubuni mchezo huu huko Springfield, Marekani, mwaka 1891, wenye vimo virefu wamekuwa na faida. Mtanzania Hasheem Thabeet, aliyechaguliwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa ligi ya NBA mwaka 2009, ana kimo cha mita 2.21. Shule haiwezi kumngoja kijana wa namna hiyo azaliwe. Na mwalimu anayewaacha nje wanafunzi wepesi kwa sababu tu ni wafupi huwa amelijibu swali ambalo hajaliuliza. Mtupo wa karibu ni mgumu kwa sababu pana mlinzi hapo. Mlinzi akiwa mahali pengine, kimo cha mrushaji hakina uzito mkubwa.

Basi mlinzi aondolewe vipi?

Kwanza kwa nafasi. Eneo la sekunde tatu, lile lililochorwa mbele ya kikapu, lina upana wa mita 4.9 na urefu wa mita 5.8, yaani mita za mraba 28 na kitu. Timu changa hukimbilia humo wote watano, na kila mmoja huja na mlinzi wake. Watu 10 hubanana, kila mmoja akiwa na mita za mraba zisizofika 3. Washambuliaji wanne wakikaa nje, wakiachana mita 4 au 5, walinzi wao hulazimika kuwafuata, na anayeingia huikuta nyumba tupu.

Pili kwa wakati. Mpira unaopasiwa kwa nguvu husafiri mita 10 hivi kwa sekunde. Pasi ya mita 5 huchukua nusu sekunde. Mlinzi huhitaji karibu robo sekunde kutambua kilichotokea kabla mguu haujaondoka, na katika robo inayobaki hapati zaidi ya mita 1 hivi. Hakuna mkimbiaji ashindaye pasi. Ndiyo sababu kudundadunda mpira mahali pamoja ni kumrudishia mlinzi wakati alioupoteza.

Mpango mmoja watosha kuonyesha kanuni zote mbili. Mchezaji wa 1 anao mpira katikati, juu ya eneo la sekunde tatu. Wa 2 yuko ubavu wa kulia, na kona iliyo nyuma yake imeachwa tupu kwa makusudi. Wa 3 na wa 5 wako kushoto, mmoja konani na mwingine ubavuni, mbali na kikapu. Wa 4 hupanda hadi pembe ya kulia ya mstari wa mitupo huru na kupokea pasi. Mara hiyo wa 2 hupiga hatua moja kuufuata mpira, kana kwamba atapokea. Mlinzi wake huruka kuikata njia ya pasi. Wa 2 hukanyaga kwa mguu wa nje, hugeuka, na kupita mgongoni kwa mlinzi moja kwa moja hadi kikapuni. Wa 4 humpa pasi ya kudunda chini, mpira ukigusa sakafu baada ya kama theluthi mbili za safari, chini ya mikono ya mlinzi.

Mlinzi huyu hashindwi kwa uvivu. Hushindwa kwa bidii, kwa sababu macho hayawezi kuuangalia mpira ulio mbele na mtu aliye nyuma kwa wakati mmoja. Wenyeji wa Tabora wana mfano wake katika historia. Mwaka 1871 Mirambo wa Urambo alipoifunga njia ya misafara iendayo Ujiji, magharibi, Stanley alitoka Unyanyembe akaelekea kusini, akazunguka, akafika Ujiji kabla mwaka haujaisha. Nguvu za mfungaji zilikuwa kwenye njia iliyozoeleka.

Lakini mlinzi mwerevu akishapitwa mara mbili atabaki nyuma, akilinda kikapu. Ndipo ubora wa mpango hupimwa. Tabora ilikuwa njia panda: msafara uliotoka Bagamoyo uliweza kushika njia ya Ujiji au kugeuka kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Mpango wenye njia moja si mpango. Mlinzi akibaki nyuma, wa 2 huja kwa wa 4, hupokea mpira mkononi mwake, na wa 4 husimama imara amzibie mlinzi njia. Wa 2 hupita akigusana naye bega kwa bega. Mlinzi wa wa 4 akitoka kumzuia, wa 4 hugeuka na kukimbilia kikapuni akiwa peke yake, na pasi humfuata. Hapa hosogei aliyezibia njia mpaka mwenzake apite, la sivyo mwamuzi atapuliza kipenga.

Umaliziaji nao una hesabu yake. Anayekuja kwa pembe ya nyuzi 45 asilenge ringi bali ubao, kwenye kona ya juu, ya upande wake, ya mstatili mdogo wenye upana wa sentimeta 59. Mpira hurudi kwa pembe iliyo karibu sawa na ile uliyoingilia, na ubao huusamehe mwendo uliozidi kidogo.

Mazoezi hayahitaji vifaa. Chaki au mkaa huchora nafasi tano sakafuni. Watano hutembea mpango bila mlinzi hadi miguu iuzoee, kisha walinzi huingizwa wawili, halafu wote. Mwanafunzi mmoja akae kando na daftari aandike kila shambulizi: mtupo ulipigwa kutoka wapi, upepo ulikuwa wa upande gani, uliingia au la. Baada ya mashambulizi 100 mwalimu ataujua umbali ambao timu yake haina sababu ya kuuvuka wakati wa kiangazi, na huenda kwa mchezaji mmoja au wawili umbali huo ukawa mkubwa kuliko alivyodhani.